Siku ya Tatu Mpe Bunduki

Sisi tulimwita Mwenyekiti. Mkewe naye alimwita Mwenyekiti, na nina hakika polisi wakimkamata leo na kumwuliza jina atawajibu hivyo hivyo. Chama alichokiongoza kilikuwa na watu ishirini siku ya watu wengi, yaani siku ya pilau. Siku nyingine tulikuwa sita, kwenye chumba cha chini ya ghorofa moja huko Fittja, nchini Sweden, tukijadili mambo ambayo yeye alikuwa ameshayaamua kabla hatujafika. Kulikuwa na Wakenya, Watanzania, Wakongo watatu waliochomeka Kifaransa kila walipoishiwa hoja, na sisi Warundi tuliokaa karibu na mlango. Kilichotukutanisha ni Kiswahili tu, na Mwenyekiti alikizungumza kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja wa mpira, hata akiwa anaomba chumvi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyekiti alisema wahenga hawakufika Sweden. "Hapa jembe utalitoa wapi?" aliuliza, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. "Ardhi yenyewe imekuwa jiwe. Hapa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe bunduki!" Kisha alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, nasi tukamtazama.

Hakuwa anatania. Kila mgeni aliyekuja kutoka nyumbani, awe mchungaji, diwani au shangazi ya mtu, siku ya tatu alipelekwa kwenye uwanja wa shabaha ulio msituni, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kwangu Jakobsberg. Ni mahali ambapo watalii hulipa ili wapige karatasi risasi. Siku ya kwanza mgeni alilala. Siku ya pili alipelekwa kanisani, hata kama haikuwa Jumapili. Ya tatu ikawa bunduki. Jumba la mfalme walilionea dirishani mwa gari, Mwenyekiti akiwaambia wasihangaike kushuka, kwa kuwa mfalme hayupo na hata angekuwepo asingetoka. Makumbusho alisema ni ya watoto wa shule. Bahari alisema hata kwao ipo.

Dereva nilikuwa mimi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniona malaika katika habari hizi. Nilikuwa na gari la viti saba, nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya kwaya, na Mwenyekiti hakuwa na leseni. Mtihani wa nadharia ulikuwa umemwangusha mara nyingi mpaka akatangaza kwamba maswali yanatungwa na watu wasiojua barabara. Hata hivyo alikaa kiti cha mbele na kuniongoza. "Pole pole hapo, Mama Keza. Hapo kuna kona. Hapo kuna Mzungu na mbwa." Nimeendesha gari nchi hii miaka mingi na sijawahi kumgonga mbwa, wala Mzungu.

Wageni wenyewe sikuwaheshimu hata kidogo. Kulikuwa na ujumbe wa kaunti fulani uliokuja kujifunza namna Waswidi wanavyotenga taka. Hawakuona pipa hata moja, lakini bunduki waliiona. Mheshimiwa aliyewaongoza kwao anatembea na askari wawili wenye silaha, mchana kutwa, na pale akaishika ile bunduki ndogo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Alipiga risasi tano. Karatasi yake ikabaki safi, ya jirani yake Mjerumani ikapata tundu la ziada, naye akasimama mbele ya tundu hilo akapigwa picha.

Kulikuwa na askofu mmoja aliyetaka kwanza kuiombea bunduki. Akaiwekea mkono, wageni wakainamisha vichwa, na Waswidi waliokuwa kwenye mstari wa pili wakashusha zao chini kwa adabu bila kujua kinachoendelea. Kisha askofu akawa anapiga na kupaza sauti, "Shindwa!" kila risasi. Ile karatasi ilishindwa kweli, kwa sababu alikuwa karibu nayo kuliko wengine. Mwenyekiti alikuwa ameomba isogezwe kwa heshima ya cheo chake.

Na kulikuwa na mama mmoja, kiongozi wa umoja wa wanawake, ambaye baada ya risasi ya kwanza alikaa chini kwenye nyasi na kulia. Alilia tu, na kuomba chai. Mwenyekiti akawaambia wenzake kwamba ni furaha. Yule mama aliletwa garini kwangu, akashika chupa ya chai kwa mikono miwili mpaka wengine walipomaliza. Jioni ile ile Mwenyekiti alituma picha yake kwenye kikundi chetu cha simu na kuandika, "Mama simba!"

Mimi kila safari nilikaa garini; ya mstarini niliyasikia wakiyasimulia njiani kurudi. Nilipandisha vioo na kufungulia redio, na sauti za bunduki zikanifikia hivyo hivyo, ndogo, za mbali, kama mtu anayevunja vijiti. Nilikuwa na hasira, na sitaki kuipamba hasira hiyo. Hawa ni watu ambao kwao mlio kama huo ukisikika wanalala chini ya kitanda. Wamepanda ndege, wamebadilisha ndege, wamevaa makoti ya kuazima, ili waje kuulipia. Na bado, wiki moja baadaye, Mwenyekiti akipiga simu, niliwasha gari. Yule mtu alijua kuomba. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sishuki.

Mwalimu wa pale uwanjani alikuwa bibi mmoja wa Kiswidi, mstaafu, mwembamba, mwenye chupa yake ya kahawa na mikate ya mdalasini kwenye kopo. Alifundisha kwa utaratibu, neno kwa neno, naye Mwenyekiti akafasiri. Bibi alisema dakika tatu nzima kuhusu usalama: mtutu uelekee mbele wakati wote, kidole kisiguse kifyatulio mpaka yeye aseme, mtu asivuke mstari mweupe hata karatasi yake ikianguka. Alipomaliza alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akawageukia wageni na kusema, "Anasema karibuni sana." Kwamba hakuna aliyekufa pale ni huruma ya Mungu na macho makali ya yule bibi.

Yeye mwenyewe hakupiga. Alisimama nyuma na vikinga masikio vya rangi ya chungwa shingoni, akashika makoti ya wengine na kutoa amri. "Vuta pumzi! Sasa iache! Usiogope, ni chuma tu!" Mgeni akimwuliza mbona yeye hapigi, aligusa bega lake la kulia na kutazama mitini. "Bega hili," alisema, "bega hili lina historia." Hapo alinyamaza, ili mgeni ajitungie vita anavyotaka. Historia ya bega aliniambia mkewe, tukiwa tunachambua mchele. Mwaka wa kwanza alioenda pale alipiga risasi tano mbele ya mchungaji wa Tensta na hakugusa hata ubao. Bega lilianza kuuma wakiwa njiani kurudi.

Na hakuna mgeni aliyewahi kumkatalia. Hili ndilo jambo la kwetu ambalo Waswidi hawalielewi. Mswidi ukimkaribisha asichokitaka anasema hapana, asante, na mnaendelea kuongea. Sisi tumelelewa kwamba cha mwenyeji hakikataliwi. Ukipewa chakula kinachokudhuru unakula, unasifu mapishi, unaenda kuugulia kwako. Mwenyekiti aliijua adabu hiyo vizuri kuliko wote, na aliitumia kama mtu anayetumia kamba.

Ningependa kuishia hapo, nimdharau vizuri na nimalize. Lakini nilipofiwa na mama mdogo, aliyenilea nchi hii tangu nilipofika mtoto wa miaka kumi na mmoja, Mwenyekiti alikuja kwangu saa mbili asubuhi na mfuko wa viazi. Alipiga simu ofisi zote kwa kile Kiswidi chake cha kuvunja mawe. Hapa maiti husubiri majuma kabla ya kuzikwa, na majuma yote hayo alikuja kila siku. Alitafuta ukumbi wa kanisa huko Spånga. Siku ya maziko alikaa jikoni akamenya viazi tangu asubuhi, na koti la suti limetundikwa mlangoni, mpaka vidole vikapauka. Mama za watu aliwasindikiza ofisi ya uhamiaji akakaa nao kwenye foleni, watu asiowajua, kwa sababu tu aliwasikia wakisema Kiswahili kwenye treni. Hakutaka shukrani. Alitaka tu ijulikane, na alihakikisha imejulikana.

Maana mdomo wake haukuwa na mlango. Mimba ya binti wa katibu wetu tulitangaziwa kwenye mkutano, chini ya ajenda ya mengineyo, binti mwenyewe akiwa amekaa pale. Mtu akinyimwa makazi, akiachwa na mume, akigundulika na sukari, tulijua kabla ndugu zake hawajajua. Ukimlaumu alishangaa kweli. "Kwani chama ni cha nini?" aliuliza. "Si ni cha kujuana?"

Sasa nifike kwa baba yangu, kwa kuwa bila baba nisingejisumbua kumwandika mtu huyu.

Baba alinipandisha kwenye lori pamoja na mama mdogo nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, akabaki. Vita vilikuwa vimefika mtaani kwetu. Miaka iliyofuata sikuijua, isipokuwa kwa yale aliyonisimulia baadaye kwenye simu: kwamba alijificha kwenye shule ya mapadri, akawa mpishi wao mpaka mambo yakatulia. Watu wengine wa kwetu walisimulia vingine. Walisema hakujificha popote, kwamba alionekana barabarani na wale wenye bunduki waliosimamisha magari na kuwashusha watu. Hakuna aliyeniambia usoni. Niliyasikia kwenye misiba na harusi, maneno yakikatika nikiingia. Nilikuwa na hadithi mbili, nikachagua mpishi. Nilimchagua kwa makusudi, kwa miaka mingi, na niliishi naye vizuri.

Kwa hiyo alipopata viza ya siku tisini nilitaka kitu kimoja tu: akae kwangu Jakobsberg, nimpikie, acheze na mjukuu wake, arudi salama, nami nisijue zaidi ya nilichokuwa nakijua. Mwenyekiti alikuwa ameandika barua ya mwaliko ya chama na kuigonga muhuri mara tatu. Siamini ile barua ilisaidia chochote, lakini siwezi kuthibitisha, na yeye alijua siwezi.

Wiki moja kabla baba hajafika nilikwenda kwake Fittja, nikamwambia wazi, mkewe akiwepo.

"Mwenyekiti, baba yangu asipelekwe kule kwenye bunduki."

"Mama Keza, Mzee ni mgeni wetu sote."

"Asipelekwe. Watu wanasema mambo juu yake na mimi sitaki kuyajua. Nikitaka kujua nitamwuliza mwenyewe, na sitaki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa kabisa," akasema, na mkono akauweka kifuani. "Neno lako ni sheria."

Baba alifika Mei, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na suti iliyokuwa na mikunjo ya sanduku. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alikaa mezani na binti yangu Keza wakacheza karata. Hawakuwa na lugha. Keza, wa miaka kumi na tano, anaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi, na baba hakujua hata neno moja la Kiswidi. Walicheza kwa saa tatu wakionyeshana vidole na kucheka. Nilisimama jikoni nikawasikiliza nikaona kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakitaka.

Siku ya tatu nilikuwa kazini, kwenye makao ya wazee, ninamlisha bibi mmoja uji wa shayiri. Simu ikatetemeka mfukoni. Kwenye kikundi chetu kulikuwa na picha: baba yangu ndani ya koti kubwa la Mwenyekiti, vikinga masikio vya rangi ya chungwa kichwani, akitabasamu tabasamu la mgeni. Chini yake ilikuwa imeandikwa, "Mzee wetu yuko tayari!"

Nilimwambia mwenzangu kwamba mwanangu anaumwa. Nikaondoka na sare ya kazi.

Nilipofika walikuwa wameshaanza. Kwa mara ya kwanza nilishuka garini mahali pale, nikapita kwenye njia ya kokoto mpaka nyuma ya mstari. Waswidi kadhaa, watu wa ofisi moja, walikuwa wanakunywa kahawa. Baba alikuwa anajilaza kifudifudi kwenye mkeka. Yule bibi mwalimu alichuchumaa kando yake akaanza maelezo yake ya taratibu, na Mwenyekiti akafungua kinywa afasiri.

Hapakuwa na haja. Baba alishaifungua bunduki, akatazama ndani kama ina kitu, akaijaza risasi tano bila kutazama mikono yake. Alikuwa anatazama mbele. Kitako alikiweka begani mahali pake, miguu akaipanua kidogo, na shavu likashuka likatulia. Yule bibi akanyamaza katikati ya sentensi.

Risasi tano zilitoka kwa mwendo mmoja. Karatasi ilipoletwa ilikuwa na tundu moja kubwa, lenye kingo zilizochanika, pale katikati. Watu wa ofisi wakapiga makofi. Mwenyekiti naye alipiga makofi mawili, kisha mikono yake ikasimama.

Maana baba alikuwa amepiga magoti anaokota maganda ya risasi. Aliyaokota moja moja kwenye nyasi, akayahesabu kwenye kiganja, la tano likawa limeingia chini ya mkeka, akainua mkeka akalitoa. Kisha akamnyoshea yule bibi yote matano, kama mtu anayerudisha kitu alichokabidhiwa na ambacho kikipungua ataulizwa. Bibi akasema kwa Kiswidi kwamba si lazima, huwa wanafagia jioni. Baba hakuelewa. Aliendelea kunyosha mkono.

Hapo akaniona.

Nilimvuta kando, karibu na magari.

"Baba, kwa nini umekuja huku?"

"Alikuja mlangoni na koti mkononi, mama," akasema. Aliniita mama, kama alivyoniita utotoni. "Alikuwa amelileta kwa ajili yangu, akasema huko msituni kuna baridi. Mtu amekubebea koti lake, wewe utamwambia nini?"

"Ungemwambia hapana."

Alinitazama kama nimesema kitu kwa Kiswidi.

Nikafungua mlango wa gari langu. Akakataa kwa upole. Alisema amekuja na Mwenyekiti, ni vizuri arudi na Mwenyekiti, kumwacha mwenyeji njiani si ustaarabu. Walikuwa wamekuja na teksi ya Mweritrea mmoja ambaye hajui Kiswahili. Wakapanda kiti cha nyuma, nami nikawafuata mpaka Jakobsberg, nusu saa nzima, nikiona visogo vyao viwili kwenye kioo cha nyuma cha teksi. Baba yangu, ambaye kwenye simu alikuwa mtu wa ndiyo na hapana na Mungu yupo, alikuwa anaongea. Niliona mkono wake ukiinuka na kushuka. Kisogo cha Mwenyekiti hakikutikisika hata mara moja. Sikuwahi kumwona mtu huyu akiwa amenyamaza kwa muda mrefu hivyo, na nilimchukia kwa kila dakika ya ukimya wake.

Tulipofika ile picha ilikuwa imefutwa kwenye kikundi. Jumapili, baada ya ibada, Mwenyekiti alisimama kwenye kahawa ya kanisa na kuwasimulia watu kwamba Mzee wa Mama Keza amepiga risasi tano na hakugusa hata ubao. "Hata ndege walimcheka!" alisema. Watu wakacheka, baba naye akacheka, na mama mmoja akamwongezea keki kwa kumhurumia. Mimi nilishika kikombe changu. Nilijua alichokuwa anafanya, na sikutaka kumshukuru, kwa sababu asingekuwa na haja ya kufunika kitu ambacho nilimwomba asikifunue.

Msifikiri alijifunza. Juni ile ile lilikuja kundi la wachungaji kutoka Bujumbura na Kigali na siku ya tatu akawapeleka. Alikuwa ameshapata dereva mwingine.

Baba alimaliza siku zake. Hatukuongea juu ya siku ile. Wiki ya mwisho alisema atatupikia, kwa sababu mpishi hawezi kulishwa siku tisini bila kulisha. Alishinda jikoni mchana kutwa. Maharage yalikuwa magumu kama kokoto, yameungua chini na kubaki mabichi juu, na wali ulikuwa uji. Keza alicheka mpaka akateremka kitini, na baba akacheka naye, akisema jiko la umeme limemshinda. Nilikula sahani yote. Nikaongeza. Nikamwambia ni matamu.

Alifariki miaka miwili baadaye, nyumbani, kitandani, na nilikwenda kumzika. Kaburini watu walisema alikuwa mtu mwema. Wengine hawakuja, na niliwahesabu wasiokuja.

Mwenyekiti nilimwona mara ya mwisho Machi iliyopita. Sukari ilikuwa imemchukua vidole viwili vya mguu, na chama kilikuwa na mwenyekiti mwingine, binti mmoja wa kompyuta anayemaliza mikutano kwa dakika arobaini. Yule wa zamani bado tulimwita Mwenyekiti. Mkewe alikuwa kazini. Nilimkuta dirishani, blanketi magotini, akimfokea mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni. Alifurahi kuniona kwa namna iliyonitia aibu. Nilimsafisha kidonda, maana hiyo ndiyo kazi yangu na waliomfunga bendeji walikuwa wameifunga vibaya, nikapika chai isiyo na sukari, tukakaa.

Nilikuwa nimejizuia miaka mitatu. Sikuwa namwogopa yeye. Nilikuwa nikingoja baba asiwepo wa kuaibishwa, kisha nikangoja matanga yaishe, kisha nikakosa sababu nyingine.

"Mwenyekiti," nikasema, "siku ile kwenye teksi, baba alikuambia nini?"

Alizima televisheni. Alichukua kikombe chake, akakitazama ndani, akakirudisha mezani bila kunywa.

"Aliniambia alikuwa mpishi."

Nikasubiri. Huyu ni mtu ambaye ukimwuliza saa anaanza na duka aliponunulia saa, na mvua iliyokuwa ikinyesha, na jinsi muuzaji alivyotaka kumpunja. Nikasubiri aniambie mapadri walikuwa wangapi, kuni zilitoka wapi, walikula nini Pasaka. Gari la taka lilikuja chini, likabeba mapipa, likaondoka.

"Nusu saa nzima, Mwenyekiti. Mpishi tu?"

"Mpishi, Mama Keza." Alikuwa anaangalia bendeji yangu mpya. "Ulikuja hapa ukaniambia usichotaka kujua. Mara ile ya kwanza sikukusikia."

Nilimwambia kwamba ni mjinga. Nilimwambia amekuwa mjinga tangu siku nilipomfahamu, kwamba ameropoka siri za watu wote wa mji huu isipokuwa moja, na hiyo moja ni mali yangu. Alikubali kwa kichwa, kila sentensi, kama mtu anayesomewa muhtasari wa mkutano. Nikaosha vikombe. Nikavaa koti langu, nikateremka ngazi, nikaenda mpaka stesheni ya Fittja. Treni ya kwanza niliiacha ikapita, na ya pili, kwa sababu nilitaka kurudi nimwulize tena, na nilikuwa naogopa kwamba safari hii angenijibu.